Somo: Mahali pa Kungojea Penye Kivuli



Tunapokwenda katika ofisi za serikali, kazi yetu kubwa huko ni kungoja. Fidia ya ajali, kesi ya mishahara, cheti cha kuzaliwa: siku nzima inakwisha. Basi mchora ramani hana budi kumfikiria na huyu anayengoja, si vyumba vya wakubwa peke yake.

Tutazame Kampala. Kati ya Mahakama Kuu na Kampala Road, penye kelele za teksi na bodaboda, upo Uwanja wa Katiba, ambao wengi huuita City Square. Nyasi na miti yake imeitenga Mahakama na barabara, na kelele hupungua kadiri unavyokwenda mbali nayo. Tena udongo ulio wazi hunywa mvua, na hilo si dogo katika mji wa vilima ambao maji yake hukimbilia mabondeni, kama pale Nakivubo.

Lakini msidhani miti michache huzuia kelele. Miti hutoa kivuli. Kizuizi cha kelele ni ukuta, au jengo lenyewe. Wazee wa Lamu na Zanzibar walijua, wakaweka ua ndani ya nyumba. Ofisi nayo yaweza kujengwa kuizunguka bustani. Na kwa kuwa Kampala iko karibu na ikweta, kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lisiwapige watu usoni.

Ila ua wa ndani una mlango, na mlango una askari. Hata uwanja wa wazi hufungwa. Aprili 2011, bei za petroli na chakula zilipopanda na watu wakaandamana kwa kutembea kwenda kazini, polisi walipiga kambi katika Uwanja wa Katiba, na kwa miaka mingi mwananchi hakuweza kukaa pale. Nairobi, mwaka 1989, serikali ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai alipinga, akatukanwa sana, na mwisho mpango ukaachwa.

Ya kujadili tawini: Nje ya ofisi ya kazi mjini kwenu kuna benchi, maji na choo? Saa nane mchana kivuli kiko upande gani? Ufunguo wa lango anao nani?