Mdogo Wangu, Ziba Huo Mpira Kwanza

Mdogo wangu, vuta kiti. Leo nina neno na wewe uliyekaa Uingereza miaka, ukabana matumizi, ukapiga zamu za usiku, mwishowe ukajinunulia Aston Martin V8 Vantage ya mkono wa pili. Hongera sana, na asikwambie mtu kwamba umefuja pesa. Jasho ni lako. Ila najua kinachokunyima usingizi, maana wenzako wengi linawakuta hilohilo. Ukiendesha taratibu gari linanong'ona tu, mshale ukikaribia mizunguko 4000 ndipo linapofungua koo na kunguruma. Wewe unataka ule mngurumo uwepo tangu unapotoka getini. Rafiki akakwambia chomoa mpira fulani kule nyuma. Ukachomoa, sauti ikaja, ukafurahi. Baada ya siku chache gari likaanza kutetemeka kwenye taa za barabarani, taa ya injini ikawaka, na ukikanyaga mafuta haliitikii kama zamani. Sasa unajiuliza kama umeliua.

Hujaliua. Tulia kwanza, kisha nisikilize, maana hapa ndipo watu wanapokimbilia kununua vipuri wasivyovihitaji.

Mpira ule uliochomoa unaendesha valvu ya ekzosi, basi tuelewane ni valvu zipi tunazozizungumzia. Juu ya injini, kwenye silinda hedi, kuna valvu za kutolea moshi. Injini ikizunguka mara 4000 kwa dakika, kila moja ya hizo inafunguka mara 2000 ndani ya dakika hiyohiyo. Hizo lazima zifunge kwa wakati wake, kwani ikibaki wazi hata moja, kompresheni haipo na silinda hiyo haifanyi kazi. Nakuomba usimruhusu fundi yeyote azichezee kwa sababu ya sauti. Valvu ya ekzosi unayoitafuta wewe iko mbali na hapo, kule nyuma karibu na boksi la kupunguza sauti. Ni kisahani cha chuma ndani ya bomba. Kikijifunga, moshi unalazimika kuzunguka kwenye vyumba vya boksi na sauti inapungua. Kikifunguka, moshi unapita njia ya mkato na sauti inatoka nzima.

Waliokitengeneza hawakukiweka kukuudhi. Kwa miaka mingi Ulaya, gari kabla ya kuruhusiwa kuuzwa lilipitishwa mbele ya vipaza sauti, likiingia kwenye eneo la kipimo kwa kilomita 50 kwa saa na dereva akikanyaga mafuta mpaka mwisho, na gari dogo halikutakiwa kuzidi desibeli 74. V8 ya lita 4.3 yenye nguvu farasi 380, kama ile iliyotoka mwaka 2005, haiwezi kupita hapo ikiwa imefungua koo. Basi wakaifungia chini na kuifungulia juu. Kwa hiyo ujue, mdogo wangu: injini inapotoa nguvu zake zote, kiwanda chenyewe kimeshavifungua visahani hivyo. Kuvifungua mapema hakuli nguvu ya juu hata chembe.

Sasa nguvu zako zimekwenda wapi? Zimetoka kwenye tundu uliloliacha wewe.

Kisahani kinavutwa na vakyumu, yaani ule mvuto wa hewa unaotoka kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Kuna mpira mwembamba unaotoka kwenye injini, unapita kwenye solenoidi inayoamrishwa na kompyuta ya gari, halafu unakwenda mpaka kwenye kikopo kidogo chenye diaframu pembeni ya bomba. Kompyuta ikitaka utulivu, inaifungua solenoidi, vakyumu inavuta diaframu, kisahani kinajifunga. Vakyumu ikikatwa, springi inakirudisha wazi. Hii ndiyo sababu ukichomoa mpira sauti inakuja. Lakini mpira ulioning'inia wazi unafanya kazi nyingine ambayo rafiki yako hakukwambia: kila solenoidi inapofunguka, unanyonya hewa ya barabarani, vumbi na yote, na kuipeleka ndani ya injini bila kupita kwenye sensa ya kupimia hewa. Kompyuta haijui kwamba hewa hiyo imeingia. Mafuta yanakuwa machache kuliko hewa, injini inatetemeka ikikaa sailensa, yaani ikizunguka bila kukanyagwa mafuta, kompyuta inajaribu kuongeza mafuta mpaka inafika kikomo chake, kisha inawasha taa. Ukichomeka mashine ya kusomea namba za hitilafu, mara nyingi utakuta P0171 na P0174, kila upande wa V na namba yake. Ukiziona hizo mbili pamoja baada ya kuchezea mipira, usikubali kuuziwa sensa mpya. Kazibe tundu kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa gari hili unalipiwa kwa pauni.

Na wewe mwingine mwenye gari la tabo, tahadhari mara mbili. Kwenye magari mengi ya tabo, vakyumu hiyohiyo ndiyo inayosaidia kuongoza presha ya tabo. Uvujishe huku, na kule presha haipandi. Mtu anadhani tabo imekufa, anauza simu yake apate pesa ya fundi, kumbe ni mpira wa vakyumu tu umeachwa wazi.

Kuziba kwenyewe watu wanakosea, kwa hiyo shuka na mimi polepole. Injini iwe imezimwa na bomba limepoa kabisa, maana ekzosi inachoma vibaya. Ukichomoa mpira utabaki na ncha mbili: mpira unaotoka mbele, na kichuchu kidogo kwenye kikopo. Unaoziba ni mpira. Wapo wanaoziba kichuchu na kuuacha mpira unaning'inia, halafu wanalalamika kwamba wameziba na gari bado linatetemeka. Bila shaka litatetemeka, upande unaonyonya hewa hawajaugusa! Uingereza wengi wanachomeka kile kijiti cha mbao cha kuwekea mpira wa gofu, kinaingia vizuri na kuchomoka kirahisi. Mimi ninapenda zaidi kifuniko cha raba cha vakyumu chenye kipenyo kinacholingana, kwa sababu raba inabana vizuri na hailegei ovyo kwa mtikisiko. Ukishaziba, ufunge mpira kwa kibana cha plastiki mahali ambapo hautagusa bomba la moto. Ukiyeyuka, tundu limerudi palepale, na safari hii hutalijua mpaka taa iwake.

Na wewe ambaye bado hujachomoa chochote, hakikisha kwanza gari lako ni la aina hii. Lizime, lipoe, mulika tochi ndani ya bomba. Kwenye mfumo wa vakyumu kisahani utakikuta wazi gari likiwa limelala. Kisha mtu aliwashe, aliache likae sailensa, nawe utazame kwa mbali: kitajifunga. Ukiona hivyo, umeijua hali yako.

Kwa Vantage hii ya V8 ipo njia safi zaidi, na wenye magari haya wanaijua sana: fyuzi namba 22. Ukiichomoa, solenoidi inakosa umeme, haifungui njia ya vakyumu, springi inakiacha kisahani wazi. Hakuna mpira uliokatwa, hakuna tundu, hakuna hewa ya wizi. Siku ukitaka utulivu unairudisha. Soma kitabu cha gari lako uhakikishe mpangilio wa fyuzi za mwaka wako kabla ya kuvuta, nawe uvute moja tu. Usianze kuchomoa moja baada ya nyingine kubahatisha, gari hili si redio ya kujaribu stesheni.

Magari ya karibuni zaidi mengi yameacha vakyumu, yanatumia mota ndogo ya umeme inayogeuza kisahani na kumjulisha bosi wake, yaani kompyuta, kilipo. Huko ukichomoa plagi, kompyuta inalalamika, na mengine yanapunguza nguvu kwa makusudi ili kujilinda. Wenye magari hayo wananunua kifaa kinachochomekwa kati ya mota na waya, kinachoiaminisha kompyuta kwamba kila kitu kiko sawa huku kisahani kikiwa wazi. Lakini, mdogo wangu, kabla ya kutoa pesa, angalia ndani ya gari! Jaguar F-Type nyingi zina kitufe cha ekzosi pale katikati. Corvette C7 yenye ekzosi ya valvu unaingia kwenye menyu na kuchagua sauti ya injini peke yake, bila kubadili kitu kingine. Wapo waliokaa na gari miezi bila kufungua kitabu chake, na kuuliza si ujinga, basi hata kitabu kiulize.

Kuna mwingine ataniambia: dada, mimi nimeziba mpira, taa haiwaki, lakini chini gari limekuwa zito. Nakuelewa, na sikudharau. Utasikia watu wakisema injini inahitaji moshi urudi nyuma kidogo ili iwe na nguvu. Injini haihitaji kuzuiwa. Inachokipenda ni moshi uende kwa kasi nzuri kwenye mabomba yaliyo karibu na silinda, kwa sababu kasi hiyo inasaidia kuvuta moshi unaofuata. Kisahani chetu kiko nyuma kabisa, mbali na hapo, kwa hiyo tofauti ya nguvu huko chini, kama ipo, ni ndogo mno kuihisi kwa makalio. Kilichobadilika ni masikio yako. Zamani gari lilikuwa kimya, halafu kwenye 4000 linapasuka ghafla, na mwili wako ukazoea kuuita mpasuko ule nguvu. Sasa kelele ni ileile chini na juu, ule mpasuko haupo, moyo unasema gari limepungua. Usibishane na moyo. Chomeka mashine, tazama kompyuta inaongeza mafuta kwa asilimia ngapi. Kama namba zimetulia karibu na sifuri, injini yako ni nzima.

Lakini nisikuache bila kukwambia hili, hata ukinuna. Sauti inayokupendeza wewe saa kumi na moja alfajiri unatoka kazini, inamwamsha mtoto wa jirani, na jirani anaandika namba yako ya gari. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1986 kuhusu utengenezaji na matumizi ya magari inakataza kuibadilisha ekzosi ili iongeze kelele. Kensington na Chelsea kule London wamefika kuweka kamera zinazosikia, kwa sababu ya magari haya haya. Na wewe ndugu yangu uliye Dubai au Sharjah usijione umesalimika: faini ya gari lenye kelele huko Emirati ni dirhamu 2000 na pointi 12 nyeusi kwenye leseni. Fikiria hizo dirhamu zingefanya nini nyumbani. Halafu kuna mvumo wa barabara kuu, ule wa mizunguko 2000 na kitu, unaokaa ndani ya kichwa saa mbili mfululizo. Mwenye safari ndefu na mke na watoto atajuta kabla hajafika nusu ya njia, na mke hatasahau.

Ndiyo maana nasisitiza njia inayorudishika. Fyuzi ikae kwenye mfuko mdogo ndani ya gari, kifuniko cha raba kiweze kutoka kwa mkono. Na kila baada ya wiki kadhaa rudisha mfumo ufanye kazi siku moja, kwa sababu kisahani kinachokaa mkao mmoja kwenye joto na masizi kinaweza kushika kutu pale kwenye pini yake, na siku unapokihitaji kifunge hakitafunga. Boksi jipya la ekzosi la gari hili si bei ya kuzungumza mbele ya wazazi.

La mwisho, piga simu kwa watu wa bima uwaambie ulichokifanya. Najua hutaki, unaogopa wataongeza malipo. Waambie hivyohivyo, na uwaombe wakuandikie kwamba wamepokea taarifa yako. Kama wanaongeza kidogo, lipa. Kama wanakataa, rudisha fyuzi yako leo jioni.