Kabla Mhudumu Hajaandika Oda

*Shangazi, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Morogoro. Tuko wanawake saba kwenye kikoba, na kila mwaka tukishavunja kikoba tunasafiri pamoja. Mara ya mwisho tulikwenda Zanzibar. Usiku mmoja kwenye mgahawa wa Mji Mkongwe niliagiza wali wa nazi, samaki na soda, jumla Sh25,000. Wenzangu walichukua kamba koche, wengine bia na mvinyo. Bili ilikuja Sh490,000. Mmoja akasema, "Tugawe kwa saba yaishe." Nikatoa Sh70,000 huku natabasamu, kesho yake nikakopa nauli ya boti. Desemba wanataka kurudi. Nikisema nitaitwa mchoyo, nikinyamaza nitaumia tena. Nibaki nyumbani?*
*Mwalimu, Morogoro*

Mwanangu, usibaki nyumbani, ila usipande boti kabla hujasema.

Huna uchoyo wowote. Ulilipa Sh45,000 zaidi ya ulichoagiza, halafu ukakopa ili ufike kwako. Wala sidhani wenzako walikusudia kukuumiza. Watu wakishashiba, hakuna anayetaka kushika kalamu na kukokotoa. Kugawa sawa kunafaa pale kila mmoja anapokula vya bei zinazokaribiana. Kamba koche huuzwa kwa uzito, na vinywaji huongezwa hadi usiku wa manane. Hivyo viwili vikiingia mezani, anayekula kidogo anawalipia wanaokula sana. Asiyekunywa pombe, iwe kwa imani yake, afya yake au mfuko wake, hastahili kuilipia. Na huenda wewe si wa pekee. Katika watu saba yupo mwingine aliyetabasamu kama wewe.

Ugumu wako ni wa wakati. Bili ikishawekwa mezani, hata neno la haki linasikika kama lawama. Likisemwa wiki kadhaa kabla, ni mpango tu.

Nanyi mna kitu ambacho makundi mengi ya wasafiri hayana. Kwenye kikoba mliandika katiba kabla ya kununua hisa ya kwanza. Faini ya kuchelewa inajulikana, na anayeshika ufunguo wa sanduku anajulikana. Hakuna anayeitwa mchoyo kwa kutaka hisa zake zihesabiwe. Kwa nini mkivuka bahari muache utaratibu huo nyuma? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwone mwenyekiti wenu faraghani kwanza, kisha useme kwenye kikao: "Jamani, naipenda safari yetu na nataka niimudu. Naomba tupange bajeti, na mezani kila mtu alipe alichoagiza." Huna haja ya kueleza mshahara wako wala madeni yako.

Pendekeza mfuko wa safari. Kila mmoja achangie sawa kwa vitu mnavyotumia wote: boti, malazi, teksi, na labda mlo mmoja wa sinia. Mmoja ashike fedha na kuandika matumizi, na kinachobaki kirudishwe. Milo mingine iwe ya kila mtu na mfuko wake. Mkifika mgahawani, mwambieni mhudumu kabla hajaandika oda kwamba mnataka bili tofauti. Akishaandika zote pamoja, kuzitenganisha ni kazi. Ulizeni pia kama bei zina kodi ndani na kama kuna asilimia ya huduma inayoongezwa, ili kila mtu aibebe kwa kadiri ya alichokula. Bili ikilazimika kuwa moja, mmoja alipe na wengine wamtumie kwa simu usiku uleule, pamoja na makato ya kutolea.

Nawe usivuke mpaka. Sahani ya pweza iliyowekwa katikati, kama ulichovya, changia. Usihesabu vipande vya chipsi vya mwenzako. Usiku mmoja nendeni Forodhani, ambako mishikaki, urojo na juisi ya miwa hununuliwa banda kwa banda na kila mtu hulipa chake papo hapo. Ulizeni bei kabla ya kunyooshea kidole chochote.

Wakikataa mpango wote, bado nenda. Agiza chako, mlipe mhudumu mapema, kaa na wenzako mpaka mwisho. Mlo wa gharama usioumudu, uage vizuri na mkutane baadaye.

Na wewe msomaji mwenye uwezo, unayependa kusema "tugawe yaishe", tazama kwanza nani ameagiza kidogo. Wewe ndiye useme, "Huyu alipe chake tu." Maneno hayo yakitoka kwa aliyekula kamba koche, aliyekunywa soda hatalazimika kujitetea.