Utawala wa Wazee: Sparta ya Kale na Nchi ya Meru na Embu

Mtoto wa shule wa Manyatta, juu ya mji wa Embu, hufundishwa kwamba Wayunani wa kale walijitawala kwa mabaraza, na mara nyingi hufunga daftari lake akidhani kwamba jambo hilo halikujulikana kabisa kwao. Kumbe babu ya babu yake hakupata kuwa raia wa mfalme ye yote. Kabla ya Waingereza kuiteka nchi ya Embu mwaka 1906, hapakuwa na mfalme katika miteremko ya kusini na mashariki ya Mlima Kenya. Palikuwa na wazee, na chini yao vijana wa vita, na kila mtu alijua mahali pake kwa rika lake. Basi kati ya miji yote ya Wayunani, uliokaribiana zaidi na mpango huo si Athens yenye sifa nyingi, bali ni Sparta.

Sparta ilikuwa kusini mwa nchi ambayo leo huitwa Ugiriki, katika bonde la mto Eurotas. Ilikuwa dola kamili yenye jeshi na sheria zake, ingawa mji wenyewe ulikuwa vijiji vichache tu vilivyokaribiana, na kwa karne nyingi haukuzungushiwa ukuta. Mtoto wa kiume alipotimiza miaka 7 alitolewa kwa mama yake akalelewa pamoja na wenziwe wa rika lake. Walilala juu ya matete waliyoyavunja mtoni kwa mikono, wakala kidogo, wakavaa vazi moja mwaka mzima. Kijana wa miaka 20 aliingia katika chama cha watu wanaokula pamoja, na hata kama ameoa aliendelea kulala na wenzake kambini mpaka alipofika miaka 30. Mtu wa miaka 60 hakulazimishwa tena kwenda vitani, na hapo ndipo alipoweza kuchaguliwa kuingia katika baraza la wazee. Wazee hao walikuwa 28, na pamoja na wafalme wawili wa Sparta wakawa 30. Wafalme ni kweli walikuwako, lakini walikuwa wawili ili mmoja amzuie mwenzake, na juu yao walikuwako waangalizi 5 waliochaguliwa kila mwaka, ambao waliweza hata kumshitaki mfalme.

Mzee wa Meru akisomewa habari hizo hatashangaa sana. Kwao vijana waliokwisha kutahiriwa walihama nyumba za mama zao wakakaa pamoja katika gaaru, yaani nyumba kubwa ya vijana wa vita. Kazi yao ilikuwa kulinda watu na mifugo, na kuteka mifugo ya wengine ilipowezekana. Kijana hakuoa mpaka zamu ya rika lake ya kupigana ilipokwisha. Baada ya hapo akawa mwenye nyumba, kisha mzee, na njia ya kuingia katika kiama ikafunguka mbele yake. Kiama kilikuwa baraza la wazee la mahali pao. Juu ya viama vya kila upande lilikuwako baraza lililokusanya wazee walioteuliwa miongoni mwa wazee, nalo ni Njuri Ncheke, ambalo mahali pake pa kukutania panajulikana mpaka leo pale Nchiru, katika Tigania.

Kwa habari ya kuchagua wazee, yafaa kuzilinganisha nchi hizi mbili kwa makini. Huko Sparta waliotaka kiti walipita mmoja mmoja mbele ya mkutano wa raia, na raia wakawapigia kelele. Waamuzi walifungiwa ndani ya nyumba ya karibu wasiweze kuona, wakasikiliza tu na kuandika ni kelele zipi zilizokuwa kubwa zaidi. Aristotle, mwanachuoni mkuu wa Wayunani, aliiita namna hiyo ya kuchagua kuwa ni ya kitoto, na ni vigumu kumpinga. Mzee wa Njuri hakupigiwa kelele. Aliangaliwa miaka mingi jinsi anavyotunza nyumba yake, anavyosema katika mashauri, na kama anaweza kuweka siri. Alipoonekana kuwa anafaa alitoa ada ya mifugo, akaingizwa kwa kiapo. Mashauri ya mipaka, ya madeni na ya damu iliyomwagika yalianza chini, na yale yaliyowashinda wazee wa chini ndiyo yaliyopelekwa juu. Adhabu ililipwa kwa wanyama. Tena kulikuwa na kiapo, ambacho mwongo alikiogopa kuliko faini.

Lakini katika jambo moja watu wa Embu waliwapita Wasparta. Mzee wa Sparta akikalia kiti hakukiacha mpaka kufa. Aristotle alilaumu hilo pia, akisema kwamba akili huzeeka kama mwili uzeekavyo, na kwamba si salama kumwachia mtu hukumu za mambo makubwa maisha yake yote. Watu wa Embu walikuwa na dawa ya ugonjwa huo. Waligawanyika katika vizazi viwili, Kimanthi na Nyangi, vilivyopokezana nchi. Kizazi kimoja kilishika utawala kwa miaka mingi, mpaka watu wa kizazi cha pili walipokuwa wamekomaa. Kisha ikafanywa sherehe kubwa iliyoitwa nduiko, na wenye nchi wakaitoa mikononi mwao. Meru nako ilikuwako desturi ya namna hiyo, iliyoitwa ntuiko. Hakuna asiyejua jinsi ilivyo taabu kwa mwenye madaraka kuyaachilia, hata katika chama kidogo cha ushirika. Katika Embu muda wa kuondoka uliwekwa na desturi, wala haukungoja huruma ya mtawala.

Waingereza walipoingia walitafuta mtawala mmoja wa kuzungumza naye, wasimpate. Katika Meru, ambako Bwana E. B. Horne alianzisha boma mwaka 1908, kama katika Embu, Serikali ilichagua machifu, ikawapa mshahara na askari. Chifu alimtii D.C. aliyemweka, na wazee wakabaki na mabaraza yao pembeni. Ndipo katika miaka ya 1930 akaja Meru D.C. aitwaye H. E. Lambert, mtu yule yule ambaye baadaye alisifika kwa kuchunguza lahaja na mashairi ya Kiswahili. Lambert alitambua kwamba nchi ilikuwa na baraza lake tangu zamani, akaitaka Serikali ilipe Njuri nafasi katika kazi za utawala. Heshima hiyo ilikuwa na hatari ndani yake, kwa maana baraza linalosemewa vizuri na boma huanza kuombwa na boma liseme maneno yake.

Hapa Sparta ina habari nyingine ya kusimulia. Nyuma ya raia wale hodari walikuwako watu walioitwa maheloti, wakulima waliotekwa, hasa wa nchi ya Messenia, ambao walilima mashamba ili Wasparta wapate nafasi ya kujizoeza vita. Katika vita vya Plataea, mwaka 479 kabla ya Kristo, Wasparta 5,000 walikwenda na maheloti 35,000, saba kwa kila mtu mmoja. Kila mwaka waangalizi walitangaza rasmi vita juu ya maheloti, ili Msparta akimwua mmoja wao asihesabiwe kuwa amefanya dhambi. Hapakuwa na heloti hata mmoja barazani. Isitoshe, raia aliyeshindwa kuleta sehemu yake ya chakula katika chama chake alipoteza uraia. Hivyo hesabu ya raia ikapungua, kutoka watu 8,000 hivi mwaka 480 mpaka chini ya 1,000 katika karne iliyofuata. Mwaka 371 walikwenda Leuctra raia 700, wakauawa 400. Mwaka uliofuata adui aliingia katika bonde la Eurotas, na watu wa Messenia wakawekwa huru. Wazee 28 walikuwa wangali wamekaa katika viti vyao.

Nchi ya Meru haikuwa na maheloti. Hata hivyo walikuwako watu wasioingia barazani: vijana, na wanawake wote. Wanawake walikuwa na mabaraza yao, na mambo ya tohara ya wasichana yalikuwa mikononi mwao, si ya Njuri. Basi mwezi wa Aprili mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari, wazee wa Njuri Ncheke, kwa kuhimizwa na maofisa wa Serikali, walipitisha kwa kauli moja amri ya kuipiga marufuku tohara hiyo katika wilaya nzima. Kwa upande wa afya amri hiyo ilikuwa na haki, maana desturi ile iliwadhuru wasichana na kuwaua baadhi yao. Lakini wale ambao amri iliwahusu hawakuulizwa. Wasichana walinunua nyembe dukani, wakaingia msituni makundi makundi, wakatahiriana wao kwa wao. Waliitwa Ngaitana, maana yake “nitajitahiri mwenyewe.” Katika miaka mitatu iliyofuata watu zaidi ya 2,400, wasichana, na wanaume na wanawake wazima, walishitakiwa kwa kuivunja amri.

Wazee wale hawakuwa wapumbavu. Kwa vizazi vingi neno lao lilikuwa limetosha kumrudisha mtu na ng'ombe wa watu, na kuzuia damu isilipwe kwa damu. Katika mashauri hayo pande zote mbili zilikuwa na wazee wao waliokaa na kusema mpaka wakubaliane. Mwaka 1956 upande mmoja haukuwa na mtu wa kuusemea.

Njuri Ncheke hukutana hata leo, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeziagiza mahakama zikuze njia za jadi za kusuluhisha magomvi, mradi zisivunje haki za watu. Sheria iliyokataza ukeketaji katika Kenya nzima ilipitishwa mwaka 2011. Ilipitishwa Nairobi, katika Bunge ambalo wajumbe wanawake walikuwamo.