SOMO: KIBABA, PISHI NA GUNIA KATIKA HIFADHI YA MTANDAONI

Shabaha: Kumwezesha katibu na wajumbe wa bodi kupima hifadhi inayohitajiwa na chama kabla ya kulipia ada, na kutambua kwa nini mnunuzi wa kati anastahili kifurushi chake.

1. Haja ya hifadhi

Miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, upande wa Matombo na Kinole, hupata mvua nyingi. Mvua hiyo ni neema kwa iliki, karafuu na pilipili manga, lakini unyevu wake ni adui wa karatasi. Leja iliyoota ukungu haiwezi kumthibitishia mkulima kilo alizopimiwa mizanini. Kwa hiyo chama hufanya vyema kuweka nakala ya pili ya kumbukumbu zake mtandaoni, yaani katika kompyuta za kampuni zilizo mbali, zinazofikiwa kwa intaneti.

2. Jinsi hifadhi inavyouzwa

Hifadhi hupimwa kwa gigabaiti (GB), na GB 1,000 ni terabaiti moja (TB). Google humpa mwenye akaunti GB 15 bila malipo, barua pepe zikiwamo; anayezidi hulipa ada ya kila mwezi. Mwaka 2024, nchini Marekani, Google na Apple zote zilitoza dola 2.99 kwa GB 200. Kifurushi kilichofuata kilikuwa TB 2, kwa dola 9.99. Baina ya viwili hivyo hapakuwa na kitu. Ni mfano wa duka lenye kibaba na gunia, lakini halina pishi.

3. Hesabu yake

Anayejaza GB 200 hulipia kila GB senti 1.5. Anayejaza TB 2 hulipia senti 0.5. Lakini mwenye GB 300 hulazimika kununua TB 2, na kila GB anayoitumia humgharimu senti 3.3. Hivyo mtu wa kati hulipa zaidi ya mara mbili ya mdogo, na zaidi ya mara sita ya mkubwa. Kama kungekuwa na kifurushi cha GB 500 kwa dola 4.99, angelipa senti 1.7, karibu sawa na mdogo.

Wauzaji wana hoja yao: vifurushi vichache ni rahisi kueleza na kusimamia. Hata hivyo, tangu mwaka 2006 Amazon imekuwa ikiwauzia wenye kampuni hifadhi kwa kadiri wanavyotumia. Kupima kwa haki kunawezekana, na pishi linapaswa kuwapo dukani.

4. Wajibu wa chama

Kabla ya kununua, chama kipime. Chama chenye wanachama 300, kikihifadhi kurasa 10 za kila mwanachama kwa mwaka, na kila ukurasa ukiwa nusu megabaiti, hutumia GB 1.5 tu. GB 15 za bure zingetosha miaka kumi. Kinachojaza ghala ni video: saa moja yaweza kuchukua GB 4 au zaidi. Muhtasari wa mkutano ukishathibitishwa, bodi iamue kama video yake ina haja ya kubaki.

Akaunti iwe mali ya chama, wala isiwe ya katibu binafsi. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inasimamia upelekaji wa taarifa za watu nje ya nchi. Rejesta ya wanachama isipakiwe kabla ya kupata ushauri.

Mwisho, bodi isinunue gunia kwa fedha za msimu mmoja. Ada ikikoma, akaunti ya Google iliyozidi kiwango haipokei faili wala barua pepe mpya. Ikikaa hivyo miaka miwili, yaliyomo yaweza kufutwa. Ada isiyolipika huwa kufuli juu ya ghala la mkulima.

Maswali ya majadiliano

1. Kumbukumbu za chama chenu zinafikia GB ngapi?
2. Ni zipi zisizostahili kupotea kamwe?
3. Ada ya hifadhi imo katika makisio ya mwaka ujao?