Baba mdogo anasema mimi si mwanaume

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 33. Nilikuwa nauza vipuri vya pikipiki Bukoba mjini, baba akapata kiharusi, nikarudi nyumbani Muleba kumtunza. Mama alishatangulia. Mimi ndiye ninayempikia baba, namwogesha, namfulia. Dada yangu aliachika, yuko nyumbani, na yeye ndiye anayesimamia kibanja: anapogoa migomba, anauza kahawa, vibarua anawalipa yeye. Kazi zinakwenda. Lakini baba mdogo kila akija ananiuliza kama nimeshanunua kanga, na dada anamwita "dume". Juzi baba alitamka kwamba kibanja atamwachia dada. Baba mdogo aliondoka bila kutafuna hata kahawa aliyokaribishwa. Kwa nini watu wanajali sana nani mwanaume na nani mwanamke kuliko kazi inayofanyika? Na mimi nifanyeje?*

*Mpishi wa Baba, Muleba*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Bibi zetu ndio waliodamka kuokota senene, wakawanyonyoa mabawa na miguu mmoja mmoja, wakawakaanga, kisha wakakaa pembeni wanaume wakila. Mwanamke hakuruhusiwa hata kuonja. Leo, msimu ukifika, pita sokoni Bukoba: wasichana wananunua, wanatafuna huku wanatembea, na hakuna mzee anayegeuka kuwatazama. Mwiko ule haukuitishiwa kikao cha ukoo. Ulijifia wenyewe, kwa sababu nyuma yake hapakuwa na mali ya mtu. Nyuma ya kanga ya baba yako mdogo kuna kibanja.

Soma tena barua yako. Ulipoanza kupika alikutania, lakini aliendelea kuja. Aliyemwondoa barazani ni baba yako alipotaja mrithi. Katika kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, binti aliwekwa daraja la tatu, nyuma ya kaka zake, na shamba la ukoo angelitumia maisha yake yote asiweze kuliuza maadamu wanaume wa ukoo wapo. Ndiyo maana swali la nani dume linaulizwa kwa ukali hivyo. Jibu lake linagawa ardhi.

Na hayo yalishafika mahakamani, hapo hapo wilayani kwenu. Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, na Agosti 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000. Mpwa wake Bernardo Ephrahim akamshtaki Mahakama ya Mwanzo Kashasha, akashinda. Mahakama ya Wilaya ikampa ushindi Holaria. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na tarehe 22 Februari 1990 Jaji Mwalusanya akasema mwanamke ana haki ya kurithi na kuuza ardhi ya ukoo sawasawa na mwanaume, akiegemea Katiba. Mpwa alipewa miezi 6 alikomboe shamba kwa bei ile ile, kama ambavyo angeruhusiwa iwapo muuzaji angekuwa mwanaume. Hapo ndipo ninapompendea jaji yule: hakuvunja ukoo, aliondoa jinsia tu kwenye hesabu. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaandika wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili.

Kuhusu sufuria sina mengi. Profesa Anna Tibaijuka, mzaliwa wa huko huko Muleba, alichapisha mwaka 1994 utafiti juu ya mashamba ya migomba na kahawa ya Kagera. Alikokotoa kwamba watu wakiacha kugawana kazi kwa jinsia, kipato cha fedha kinaweza kupanda hadi asilimia 10, na tija ya nguvu kazi asilimia 15. Nyinyi wawili mmeshaanza. Wanaokucheka waache wacheke, mzee asilale na njaa.

Ila kuna jambo limenikera. Umeandika mengi juu ya dada yako, hukuandika kama umemuuliza. Pengine anakitaka kibanja, pengine anataka mgawane, pengine anaogopa kubaki peke yake na baba mdogo siku mzee akifumba macho. Muulize kwanza, jioni moja kazi zikiisha, baba asiwepo.

Kisha msikawie. Tamko la barazani halitoshi, na kiharusi hakina ahadi. Mwombeni daktari anayemtibu aandike kwamba akili yake ni timamu. Wosia uandikwe, utiwe saini au dole gumba mbele ya mashahidi: kwa kanuni za kimila, wasiopungua wawili kama baba anajua kusoma, wanne kama hajui, wa ukoo na wasio wa ukoo. Wewe na dada msishuhudie, maana ninyi ni warithi. Nendeni pia ofisi ya kijiji mkaulizie hati ya hakimiliki ya kimila, baba akiwa bado anaweza kujisemea.

Shahidi wa ukoo mwombeni baba mdogo mwenyewe. Mpikie vizuri siku hiyo, mpe heshima yake yote, kahawa aitafune mwanzo. Akitia saini, kesho atapata taabu kuukana mkono wake. Akikataa, mtajua mapema nani wa kutarajiwa mahakamani, na mzee mwingine wa ukoo mtampata.