Kamera ya Viinitete: Je, Inaongeza Watoto?

Swali: Kamera hii hufanya nini hasa?

Yai likisharutubishwa maabara, kiinitete hulelewa ndani ya kabati lenye joto la nyuzi 37, sawa na la mwili. Zamani mtaalamu alikitoa, akakitazama kwa hadubini, akakirudisha. Kabati la kisasa lina kamera inayopiga picha kila baada ya dakika chache, kisha picha zinaunganishwa kuwa filamu. Filamu hiyo huonyesha yanayompita anayechungulia mara moja kwa siku, kama seli moja kugawanyika ghafla kuwa tatu badala ya mbili, dalili kwamba kiinitete hicho huenda kisifike mbali.

Swali: Basi anayetumia kamera ana nafasi kubwa zaidi ya kupata mtoto?

Ushahidi haujaonyesha hivyo. Utafiti wa TILT, uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2024, ulihusisha washiriki 1,575 wa Uingereza na Hong Kong. Miongoni mwa waliochaguliwa viinitete kwa kamera, asilimia 33.7 walijifungua, kwa huduma ya kawaida, asilimia 33.0. Sababu si ngumu kuielewa: kuchagua hakukipi kiinitete uhai ambao hakina. Mama mwenye viinitete vitatu, kimoja tu kikiwa na uwezo wa kuwa mtoto, kamera huweza kumsaidia kukitanguliza hicho. Kisipotangulia, nacho kimegandishwa salama, zamu yake itafika. Ndiyo maana Uholanzi, katika matokeo ya mwaka 2023, jozi 1,731 za wanandoa zilipofuatiliwa kwa miezi 12, takribani nusu katika kila kundi walipata mimba, kamera au bila kamera.

Swali: Lakini kutofungua kabati si kunakilinda kiinitete? Na kompyuta ikichagua kiinitete badala ya mtaalamu je?

Hoja ya kwanza ina mantiki, na TILT iliipima peke yake. Kundi la tatu lilitumia kabati lile lile bila picha kutumika kuchagua, asilimia 36.6 walijifungua, tofauti isiyotosha kuthibitisha faida. Kuhusu akili mnemba, utafiti wa mwaka 2024 katika Nature Medicine, wenye wagonjwa 1,066, ulipata mimba asilimia 46.5 kwa kompyuta na 48.2 kwa wataalamu. Kompyuta ilishinda kwa kasi: sekunde 21 hivi dhidi ya 208. Huo ni unafuu wa kweli kwa maabara, na maabara ndiyo inayopaswa kuugharimia.

Swali: Wanandoa waulize nini kabla ya kulipa?

Waulize ni wangapi waliojifungua kati ya wote walioanza matibabu, maana kipimo cha mimba kikisoma ndiyo, mtoto bado hajazaliwa. Waulize pia kama kamera inatozwa kando. Ikiwa inatozwa, fedha hiyo ni heri iwekwe akiba ya kuyeyusha na kupandikiza kiinitete cha pili, kwa sababu ni jaribio jingine, wala si picha nyingine, linaloongeza matumaini yao.