Ploti moja, tangi moja: wapangaji wa hifadhidata wakigawana viendelezi

Wengi wenu mnaopokea malipo kupitia kwetu hamna duka moja tu. Mmeandika programu ya mtandaoni, mkaiuza kwa maduka, vyama na shule kadhaa, na kila mmoja anapokea pesa kwa nambari yake ya till. Programu ni moja, hifadhidata ni moja, na ndani yake kila mteja ana chumba chake. Huyo mteja tumwite mpangaji. Chumba chake ni skima. Leo tunaongea kuhusu kitu ambacho wapangaji wote wanakihitaji lakini hakuna hata mmoja anayefaa kuwekewa chumbani mwake: viendelezi.

Tutatumia PostgreSQL kama mfano. Kiendelezi ni nyongeza unayoipachika kwenye hifadhidata ili ipate uwezo mpya. Chukua pg_trgm. Mwenye duka anatafuta malipo ya "Wanjiko" ilhali aliyelipa ameandikwa Wanjiku. pg_trgm inakata kila jina vipande vya herufi tatu tatu, ikihesabu pia nafasi za mwanzo na mwisho. Kila jina hapa linatoa vipande 8, na 6 kati yake vinafanana. Ukivijumlisha bila kurudia ni 10, kwa hivyo ufanano ni 0.6. Kiwango cha kawaida cha kukubali ni 0.3, basi Wanjiku anapatikana na mabishano kwa kaunta yanaisha. Kingine ni citext, ambacho hakijali herufi kubwa na ndogo, kizuri kwa safu ya barua pepe.

Sasa shida inaanzia hapa. Kiendelezi huwekwa mara moja tu kwa hifadhidata nzima, si mara moja kwa kila skima. Lakini fanksheni na aina zake za data lazima zikae ndani ya skima fulani. Ni kama tangi la maji: ploti ina moja, ila limewekwa mahali. Ukiliweka ndani ya chumba cha mpangaji namba moja, wengine watachota vipi?

Na hivyo ndivyo watu hufanya bila kujua. Unaandika hatua za kumwandalia mpangaji mpya chumba, na ndani yake unaweka:

CREATE EXTENSION IF NOT EXISTS pg_trgm;

Duka_a anakuwa wa kwanza, kiendelezi kinaingia kwenye skima yake. Anakuja duka_b, amri ileile inapita, inasema tu kwamba kiendelezi kipo, inaendelea. Kesho yake duka_b akitafuta jina anaambiwa fanksheni ya similarity haipo. Unajaribu kukiweka tena bila IF NOT EXISTS, unaambiwa kipo tayari. Kipo, na hakipo! Developa wengi hupotezea hapo siku nzima, na hatuwalaumu.

Dawa ya haraka ndiyo mbaya kuliko ugonjwa. Mtu anaongeza skima ya duka_a kwenye search_path ya kila mpangaji, ile orodha ya mahali PostgreSQL inapotafuta majina. Kweli, similarity inapatikana. Lakini majedwali ya duka_a nayo yanapatikana. Tuseme umeongeza jedwali jipya la marejesho ya pesa na duka_b bado hajaundiwa lake. Programu ikimtafutia marejesho, itapita chumba chake, iende hadi kwa duka_a na imwonyeshe pesa za watu wengine. Hakuna kosa litakaloandikwa popote.

Halafu siku moja duka_a anahama. Unafuta chumba chake kwa DROP SCHEMA duka_a CASCADE. Kama citext ilikuwa imekaa humo, inaondoka nayo, na kila safu ya aina hiyo kwa wapangaji wote inafutwa pamoja na data yake. Faharasa zilizotegemea pg_trgm pia zinaenda. Neno CASCADE maana yake ndiyo hiyo.

Dawa yenyewe ni fupi. Jenga skima ya pamoja ambayo si ya mpangaji yeyote:

CREATE SCHEMA viendelezi;
CREATE EXTENSION pg_trgm SCHEMA viendelezi;
GRANT USAGE ON SCHEMA viendelezi TO programu;

Hapo "programu" ni jina la mtumiaji ambaye programu yako huingia kwa jina lake. Mpe ruhusa ya kutumia tu, usimpe ya kuunda kitu humo. Kisha search_path ya duka_b iwe duka_b, viendelezi, basi. Amri ya CREATE EXTENSION itoe kabisa kwenye hatua za mpangaji mpya. Ni kazi ya mara moja.

Utauliza, mbona tusitumie skima ya public iliyopo tayari? Inafanya kazi. Ila kabla ya toleo la 15, mtumiaji yeyote aliyeingia kwenye hifadhidata angeweza kuunda vitu ndani ya public, hata fanksheni yenye jina linalokaribia lako. Na hifadhidata iliyopandishwa kutoka toleo la zamani hubaki na ruhusa zake za zamani. Sisi tungejenga skima yetu.

Kama umeshaweka mahali pabaya, usifute. Hamisha:

ALTER EXTENSION pg_trgm SET SCHEMA viendelezi;

Faharasa na safu zilizopo haziharibiki. Kagua tu mahali ulipoandika jina la skima ya zamani kwa mkono, kama ndani ya fanksheni zako.

Kuna jambo moja linalogusa malipo moja kwa moja. Ukitumia PgBouncer kwa mtindo wa kugawana miunganisho kila muamala wa hifadhidata ukiisha, SET search_path ya kawaida inaweza kubaki kwenye muunganisho baada ya kazi yako kwisha. Tunakutumia uthibitisho wa malipo ya duka_b, programu yako inachukua muunganisho ambao bado una search_path ya duka_a, na pesa inaandikwa kwa daftari la jirani. Tumia SET LOCAL ndani ya muamala, na umchague mpangaji kwa nambari ya till iliyo kwenye uthibitisho, kila mara.

Kwa bekapu, jua kwamba pg_dump -n duka_b haichukui viendelezi. Ukirudisha kwa seva mpya, tengeneza kwanza skima ya viendelezi na uvipachike. Tangu toleo la 13, pg_trgm, citext na pgcrypto hazihitaji msimamizi mkuu, ruhusa ya CREATE kwenye hifadhidata inatosha. Na kama pgcrypto uliiweka kwa ajili ya gen_random_uuid pekee, toleo hilohilo lina fanksheni hiyo ndani yake.

Kabla hujafunga ukurasa huu, fungua psql uandike \dx. Utaona kila kiendelezi na skima kilipo. plpgsql iko pg_catalog, iache. Ukiona jina la mteja wako pale, hamisha leo, kabla hajakupa notisi.